Neno Lililoanza na Ka

Kama uliwahi kupungukiwa kifungo, ukaingia kwenye kile kiduka chembamba kilichobanwa kati ya kinyozi na muuza viatu, basi unamjua mwanamke huyu, na yeye anakujua zaidi. Nafasi ya kueleza shida yako usingeipata. Ungefungua tu mdomo, "Samahani mama, natafuta kile..." naye angekuwa ameshasema "Najua," ameshavuta droo ya tatu kutoka juu, na ameshakuwekea mezani kifungo cha kahawia chenye matundu manne, ndugu pacha wa vile vilivyobaki kwenye koti lako. Ukishangaa, anakuonyesha kwa kidevu uzi unaoning'inia kifuani mwako. Watu walimwita Mama Najua. Jina hilo hakulipenda wala hakulikataa, kwa sababu aliliona ni haki yake.

Aliuza vifungo, zipu, nyuzi, mpira wa kiuno, bitana, na sindano za mkono na za cherehani. Vyote hivyo vilikaa kwenye droo sitini na mbili zisizo na kibandiko hata kimoja. Vibandiko vya nini, na yeye yupo? Kuna wateja waliofurahia kuhudumiwa upesi namna hiyo. Kuna wengine, hasa wazee, waliotoka dukani na zipu mkononi na hadithi yao yote bado ikiwa moyoni, wakasimama kidogo mlangoni kama waliosahau kitu, kisha wakaenda zao.

Mumewe alikuwa fundi saa, na kazi yake aliifanya kinyume kabisa. Mteja akileta saa iliyokufa, Fundi alikuwa anaitazama mara moja tu na kuona ugonjwa wake, lakini hakusema. Aliiweka juu ya kitambaa, akavua miwani, akauliza, "Haya, ina nini?" Na mteja akaeleza, ilianguka lini, ilikuwa ya nani, alikuwa anakwenda wapi siku iliposimama. Fundi alisikiliza mpaka mwisho. Ndiyo maana kazi ya nusu saa ilimchukua asubuhi nzima, na ndiyo maana mkewe, akipita kibandani kwake kumpelekea chakula, alikuwa anakunja uso kabla hajafika.

Nyumbani Fundi hakuwa na bahati ya kusikilizwa namna hiyo. Alisema polepole, na kwa Mama Najua polepole ni mlango ulioachwa wazi.

"Leo nilikuwa nafikiria..."

"Najua. Bati la jikoni."

"Hapana, nilikuwa..."

"Basi ni mlango. Nimeshamwambia seremala."

Fundi alikuwa anacheka kwa pua na kuendelea na chai yake. Majirani walisema mzee yule hajamaliza sentensi tangu alipooa, na kwamba akitaka kusema jambo zima inabidi amwandikie mkewe barua, aiweke kwenye bahasha, na hata hapo mama ataijibu kabla hajaifungua.

Sentensi alizozimaliza ni za sala tu. Kila asubuhi, kikombe kikiwa mbele yake kinatoa moshi, aliinamisha kichwa na kumwomba Mungu kwa sauti, kitu kimoja kimoja, bila haraka. Aliwaombea watoto wao watatu, ambao kila mmoja ana mji wake na maisha yake. Aliomba mvua. Aliliombea goti lake la kushoto. Aliomba mwenye ile saa ya ukutani apate subira, maana kipuri chake hakijaja. Kuna siku aliiombea bawaba ya mlango, na Mama Najua akashindwa kuvumilia.

Tusimwelewe vibaya. Mama Najua alikuwa mwenye imani, tena ya kutosha kugawia wengine. Kanisani alikaa benchi la pili na nyimbo zote alizijua bila kitabu. Kushukuru alishukuru na kusifu alisifu. Ni huku kuombaomba ndiko kulikokataa kumwingia akilini.

"Baba Watoto," alisema siku ile ya bawaba, "Mungu anaijua hiyo bawaba. Goti lako analijua, kalitengeneza mwenyewe. Unamwambia kitu gani asichokijua?"

"Hakuna," alijibu Fundi.

"Sasa?"

"Sasa namwambia."

Akainamisha kichwa tena, akaendelea pale alipoachia. Mama Najua alitazama utando ukijitandaza juu ya maziwa ya chai, akasikitikia sukari iliyotumika.

Kiharusi kilimpata Fundi Jumatatu moja, mbele ya mteja, na saa ya kike ikiwa wazi mkononi. Mteja alisimulia baadaye kwamba mzee aliiweka saa chini taratibu sana, akasogeza na skrubu zake zisipotee, kisha akaegemea ukuta na kuteleza. Alilala hospitali wiki tatu. Alipotoka, mguu wa kulia alikuwa anauburuta, mkono wa kulia umelala mapajani kama wa mtu mwingine, na maneno hana. Hana hata moja. Daktari alieleza kwamba akili yake ni nzima na kila kitu anaelewa, ila njia ya kutoka akilini kwenda mdomoni imebomoka. Inaweza kujengwa tena, alisema, na inaweza isijengwe.

Mama Najua alimchukua mumewe nyumbani na kujifunga kibwebwe. Duka alimwachia shemeji yake, kaka mkubwa wa Fundi, karani mstaafu wa posta ambaye hata kwenda kununua chumvi alikuwa anavaa tai. Shemeji aliingia kwenye zile droo sitini na mbili kwa moyo mweupe, na kabla ya saa nne asubuhi alikuwa ameshapiga simu mara tisa.

"Shemeji, kuna mama hapa anataka kulabu."

"Safu ya chini, ya nne kutoka kushoto."

"Nimefungua. Kuna manyoya."

"Kushoto, shemeji! Kushoto ni mkono usioandikia!"

"Mimi naandika kwa kushoto."

Hata hivyo, kwa mumewe mambo yalikwenda kama maji, na hilo lilimpa fahari. Hakuhitaji maneno yake. Fundi akitazama dirisha, pazia lilikuwa limeshavutwa. Akimeza mate, maji yalikuwa mdomoni. Akijisogeza kidogo kitini, mto ulikuwa mgongoni. Majirani waliokuja kumjulia hali walitoka wakisema, jamani, huyu mwanamke Mungu amempa macho ya ndani. Mama Najua alizunguka nyumba nzima kutwa, chakula alikula amesimama, na kila jioni alijiambia kwamba leo Baba Watoto hajakosa kitu.

Kila Alhamisi alikuja binti mmoja kutoka hospitali, mwembamba, mwenye miwani mikubwa na begi la picha. Kazi yake ni kuwarudishia watu usemi, na cheo chake kilikuwa na maneno marefu, kwa hiyo mtaani walimwita Mwalimu wa Kusema. Wiki ya kwanza alimwonyesha Fundi picha za vitu na kumfundisha kukaza midomo. Wiki ya pili hivyohivyo. Wiki ya tatu aliziacha picha ndani ya begi.

"Mama, wiki hii baba ameomba nini?"

"Hajapungukiwa na kitu."

"Sikuuliza amepungukiwa nini. Ameomba nini?"

"Aombe nini? Nampa kabla hajaomba."

Binti alijaza maji kwenye glasi, akaiweka mezani, akakaa na kukunja mikono. Ilikuwa saa nane, joto kali, na Fundi hajanywa tangu chakula cha mchana. Glasi ilitoa jasho. Fundi hakuitazama. Macho yake yalikwenda moja kwa moja kwa mkewe na kutulia hapo, na mkono wa Mama Najua ukaanza kusogea wenyewe kuelekea ile glasi.

"Umeona?" alisema binti. "Hatafuti neno, mama. Anakutafuta wewe. Ameshajua utampa."

"Na nitampa! Mume wangu aombe maji ndani ya nyumba yake, kama ombaomba wa stendi?"

"Mama, nisamehe, mimi ni mtoto kwako. Wewe unamjua sana. Hilo halina ubishi. Lakini kujua kwako hakumtoi sauti. Akiomba ndiyo itatoka. Miezi hii ya mwanzo ndiyo yenye nguvu. Sauti isipotafutwa sasa, itazoea kutotafutwa, na baadaye hata mimi nitakuja hapa ninywe chai tu."

"Kwa hiyo nimnyime."

"Usimnyime. Shika glasi, kaa naye karibu, msubiri. Lolote litakalotoka, hata pumzi yenye umbo la neno, mpe. Ila atoe yeye."

Mama Najua alimsindikiza mgeni mpaka nje, kwa adabu zote, na alipofunga mlango alimtukana kwa sauti ya chini, matusi mepesi ya mtu mwenye dini. Kisha akamnywesha mumewe ile glasi yote.

Alikaidi siku tano. Lakini neno likishamwingia mtu kama yeye, aliyezoea kuwa mbele ya wenzake, halimpi raha. Alianza kumtazama mumewe na kuona kitu ambacho macho ya ndani hayakukiona: Fundi alikuwa anatulia. Zamani, hata kama alikatizwa, angalau alianza. "Leo nilikuwa nafikiria..." Sasa hata midomo haikujaribu. Alikuwa anakaa pale kitini, msafi, kashiba, kanyolewa ndevu, na kila siku anazidi kuwa mbali kidogo. Mama Najua akajiuliza: Je, kama mumewe anakwisha kwa sababu ya huduma yake nzuri?

Jumanne asubuhi aliketi mbele yake na glasi ya maji mikononi.

"Baba Watoto," alisema, "unataka kitu? Niambie."

Fundi alimtazama. Mama Najua akatazama ukutani. Ulimi wake wote ulikuwa umesimama tayari na lile neno, ma-ji, silabi mbili tu, na kulizuia kulimuuma kuliko jino. Dakika ya kwanza ikapita. Fundi alikunja uso, akatazama glasi, akamtazama mkewe kwa mshangao wa mtu aliyegonga mlango wa nyumbani kwake na kukuta umefungwa. Mama Najua alitaka kulia. Dakika ya tano ikafika. Ndipo, bila kupanga, alimgeukia Mungu kimoyomoyo, na alimgeukia kwa ukali: "Na Wewe si unaona? Unajua ninachotaka. Mpaka nikwambie?"

Swali hilo alilisikia mwenyewe vizuri sana. Yeye hapo, na glasi mkononi, anajua kabisa mwenzake anataka nini, na bado anasubiri. Halafu akaomba, kwa unyonge, kwa mara ya kwanza tangu awe mtu mzima: mfungue mdomo, nakuomba, mfungue mdomo.

Midomo ya Fundi ilikutana, ikaachana, ikakutana tena. Shingo ilisimama mishipa. Pua ikatoa mlio wa ajabu, na nyuma ya mlio huo ikaja "Mmm," halafu "Ma," halafu, baada ya safari ndefu ambayo mtu angeweza kwenda sokoni na kurudi, "...ji."

Glasi ilimwagikia wote wawili. Mama Najua alikuwa amepiga magoti, kashika uso wa mumewe, analia na kucheka na kusema, "Sema tena! Sema tena!" Naye Fundi, kalowa kifua, akasema tena.

Baadaye, akiwa anapiga deki, alilitafakari jambo hilo na likamshinda. Maji alijua anayataka. Alijua nusu saa nzima kabla. Katika neno lile hapakuwa na habari mpya hata kidogo, na bado hakuna habari aliyowahi kupewa, harusi, mtoto, chochote, iliyomfurahisha kama ile. Kumbe kujua ni kitu kimoja na kuambiwa ni kitu kingine. Alisimama na fagio la maji mkononi, akawaza kwamba kama yeye, mwanamke mwenye hasira na mgongo mbovu, aliweza kufurahi hivi kwa sababu ya silabi mbili, basi zile asubuhi zote za goti na bawaba pengine Mbinguni hazikusikika kama alivyozisikia yeye. Akaona aibu. Kisha akamaliza deki.

Kuanzia hapo kazi ilibadilika. Wiki iliyofuata Fundi alipata "chai," akapata "joto," akapata "bado." Mwalimu wa Kusema alipokuja Alhamisi aliruka kama mtoto. Mama Najua alijifunza kuuma ulimi, na wengine mtaani walidhani anaumwa, maana alikuwa anawaacha watu wamalize sentensi.

Halafu ikaja ile "ka."

Ilianza Ijumaa wakati wa chakula cha mchana. Mama Najua alikuwa anapita na sahani, Fundi akainua mkono wa kushoto na kusema, "Ka." Ilitoka vizuri kabisa, bila mlio wa pua.

"Kahawa!" alisema mkewe, na mara moja akajiziba mdomo. Lakini ilikuwa imeshatoka. Basi akaenda kuichemsha. Fundi aliitazama kahawa, akatikisa kichwa.

"Ka," alisema.

Mama Najua alileta kalamu na karatasi. Akaleta kandambili. Akaleta kamusi ya watoto, iliyokaa kabatini tangu walipomaliza shule. Alimletea karoti. Alimletea kamba, akaogopa, akairudisha haraka. Aliwaza sana, kisha akachukua leso na kumfuta mumewe pua kwa nguvu, akidhani anasumbuliwa na kamasi. Fundi alifumba macho kwa muda, kama anayehesabu mpaka kumi.

"Usiniangalie hivyo," alisema Mama Najua. "Wewe ndiye uliyechagua neno gumu."

Jumamosi ikawa hivyohivyo, ka asubuhi na ka mchana. Kila alipopita na ndoo, na sahani, na nguo za kufua, mkono wa kushoto uliinuka na ka ikatoka. Mama Najua alizidi kukimbia. Saa tisa ukamjia mwanga, akaivamia simu.

"Shemeji, funga duka uje! Anakutaka wewe. Amekuita kaka!"

Shemeji alifika kwa miguu, anahema, tai imekwenda begani, na machozi tayari. Alikuwa ameelewa kwamba ndugu yake anaaga. Alipiga magoti mbele ya kiti, akaomba msamaha wa mambo ya utotoni ambayo Mama Najua hakuwahi kuyasikia, likiwamo la baiskeli iliyozama mtoni. Fundi alimsikiliza mpaka mwisho, kama ilivyo desturi yake, akampapasa kichwa. Kisha akamtazama mkewe juu ya kile kichwa cha mvi na kusema, "Ka."

"Siyo mimi," alisema shemeji akijifuta macho, kaonewa kidogo.

Waliketi kushauriana, yaani shemeji aliketi na Mama Najua alisimama akikunja nguo. Meza ilikuwa imejaa vitu vyote vya dunia vinavyoanza na ka. Shemeji, ambaye aliwahi kusoma anwani za watu wasiojua kuandika, alilichukulia jambo hilo kama barua iliyolowa.

"Labda halijaisha," alisema. "Labda tunalikata. Mdogo wangu, livute. Ka... kaaa... Kaa?"

Fundi alishtuka kitini. Aliinua mkono wa kushoto na kukipiga kiti kitupu kilichokuwa kando yake, pa! pa! pa!, huku anaitikia kwa kichwa.

"Kaa!" shemeji aliruka. "Anataka kaa! Yule wa majini, mwenye koleo!"

"Tangu lini ndugu yako amekula kaa?"

"Ndiyo maana anaomba! Mtazame alivyofurahi!"

Kwa kweli Fundi alikuwa ameacha kupiga kiti, amefunika uso kwa kiganja, na mabega yanatikisika. Shemeji hakungoja. Alikaza tai na kutoka mbio kuelekea sokoni kwa wauza samaki kabla hawajafunga, na Mama Najua akabandika sufuria kubwa ya maji, maana kaa hupikwaje hakujua, ila maji hayawezi kukosekana.

Baada ya saa moja na zaidi shemeji alirudi na kaa mmoja ndani ya ndoo, mzima, mweusi, mwenye chuki na kila mtu. Alimwinua mbele ya mgonjwa kwa kumshika nyuma kama alivyoelekezwa. Fundi alimtazama kaa, kaa akamtazama Fundi. Na hapo mzee akacheka, siyo kwa pua, bali kwa kifua kizima, mpaka machozi yakamtoka jicho la kushoto na mate pembeni mwa mdomo. Tangu Jumatatu ile ya saa ya kike nyumba ilikuwa haijasikia mlio huo. Mama Najua alijikuta anacheka naye bila kujua kwa nini. Shemeji aliona utani umemlenga yeye, akabeba ndoo yake na kwenda jikoni kusubiri maji yachemke.

"Ngoja nikamwangalie asijichome," alisema Mama Najua, akageuka.

Mkono wa kushoto ulimdaka gauni.

"Kaa," alisema mumewe. Safari hii kwa upole, na akagusa kile kiti.

Mama Najua alikitazama kiti. Akamtazama mumewe. Zile siku mbili zote zikampita machoni: kalamu, kandambili, leso ya kamasi, na yeye anapita mbio, anapita mbio, na mkono unainuka kila anapopita.

"Kaa," alinong'ona. "Kukaa. Mimi nikae."

Akakaa.

Mwanzoni hakujua afanye nini na mikono. Kiti kile hakuwa amekikalia tangu walipotoka hospitali, na kilikuwa cha chini kuliko alivyokumbuka. Alinyoosha kitambaa cha meza. Aliipanga kalamu iwe sawa na karoti. Fundi alikuwa anamtazama tu.

"Haya, nimekaa. Unataka nini, Baba Watoto?"

Akatikisa kichwa. Hakuna.

"Una maumivu?"

Hakuna. Aliendelea kumtazama, bila haraka, kichwa kimeinama upande, vile alivyokuwa anawatazama watu waliokuja na saa zao. Muda ukapita. Ndipo Mama Najua alipogundua kwamba anayesubiriwa hapa ni yeye.

"Mimi sina shida," alisema.

Fundi akasubiri.

"Nakwambia sina. Mambo yote yanakwenda. Duka lipo, kaka yako... haya, duka lipo. Wewe unapata nafuu. Mimi sina..." Sauti ilikatika hapo, na kwa mara ya kwanza katika ndoa yao hakuna aliyemmalizia sentensi. Ilibidi aimalize mwenyewe. "Naogopa," alisema.

Hakuwa amelisema neno hilo popote, hata kwa watoto kwenye simu, hata kichwani mwake. Lilipokwisha kutoka, mengine yakalifuata yenyewe. Anaogopa ataamka siku moja amkute amekwenda. Anaogopa kulala, anakaa anasikiliza pumzi zake. Anaogopa kukaa chini, kwa sababu akikaa atafikiri. Hata kaa kule jikoni anamwogopa, alisema, na akalia, kilio kibaya cha mtu asiyekizoea, chenye kwikwi.

Alipoinua uso alitegemea kumkuta mumewe amefadhaika. Hakufadhaika. Uso wake ulikuwa na majonzi na upendo, lakini mshangao haukuwamo hata chembe. Ulikuwa uso wa mtu anayesikia jambo alilolijua tangu kitanda cha hospitali.

"Ulikuwa unajua," alisema Mama Najua.

Fundi akaitikia kwa kichwa, ndiyo.

"Siku zote hizi ulikuwa unajua! Sasa ulitaka nikwambie ili upate nini?"

Mumewe alifungua mdomo kutafuta neno. Lilikuwa mbali, na alilifuata polepole, midomo inajikusanya na kuachia. Mama Najua alikuwa na majibu matatu tayari kwenye ulimi, yote mazuri. Aliyameza. Alisubiri, machozi yanamkauka mashavuni, na wala hakusogea.

"We," alisema Fundi. Akapumzika, akavuta pumzi. "Wewe."

Mama Najua aliushika mkono wa kulia, ule uliolala, akauweka mapajani mwake. Kisha akainamisha kichwa. Hakujua watu huanzaje, kwa hiyo alianzia palepale alipokuwa. "Mungu wangu," alisema kwa sauti, "naogopa." Na akaendelea, kitu kimoja kimoja, bila haraka, na Fundi akiitikia kwa koo kila alipotua. Jikoni shemeji alipiga kelele kwamba maji yamechemka na yule mnyama amepanda juu ya kabati, lakini walikuwa bado hawajamaliza.